Yudith Amesafiri

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimekwisha.

Jioni nilikuwa kwenye cherehani, natia bitana gauni la mama mmoja wa kwaya. Nilikuwa nimependeza, si kujisifu. Suti yangu ya rangi ya ugoro, niliyoishona mwenyewe, mabega ya sponji, sketi inagusa vifundo. Kilemba. Miwani ya mnyororo. Lipstiki ya zambarau iliyokolea. Mwanamke wa heshima zake. Kivuli kikasimama mlangoni. Nikainua macho. Tumainieli!

Tumainieli wa Shighatini. Alinitangulia madarasa mawili sekondari, alikuwa ananipisha kwenye foleni ya maji na kuniita Yudi. Nimempenda tangu kidato cha pili na sijamwambia mtu ila wewe, shajara. Yeye akaenda akaoa. Mimi nikachumbiwa na mwingine, akaniacha kwenye mataa. Nilisikia mkewe alifariki, nikasikitika. Kweli nilisikitika, kwa muda wa kutosha. Na leo yuko mlangoni kwangu, amevaa buti za kazi, mvi zinachungulia kidevuni.

Akavua kofia. Akainama kidogo. Akasema: "Shikamoo mama."

Na mimi? Mdomo haukungoja amri. Ukajibu wenyewe: "Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Kanizidi miaka miwili!

Shikamoo unaweza kuikataa. Unacheka tu, unasema shikamoo ya nini, tumesoma wote. Lakini ukishaitikia, umeipokea. Maji yakimwagika hayazoleki.

Akaeleza kwa adabu kwamba amehamishiwa Same, ni bwana mifugo, na ameelekezwa kuwa hapa ndipo kwa akina Yudith. Anamtafuta Yudith. Yupo? Hapo ndipo ningesema ni mimi. Lakini ningesemaje, nimeshaitikia marahaba kama mama yangu mzazi? Nikasema Yudith amesafiri. Yuko Arusha. Atarudi Alhamisi.

Akafurahi. Akasema Alhamisi atapita. Akaniachia mkungu wa ndizi za kwao Ugweno, "za mama", na akaongeza kwamba Yudith amenifanana sana.

Mtu huyu kazi yake ni kumfungua ng'ombe mdomo, kutazama meno na kutaja umri. Serikali inamlipa kwa hilo!

Nina miaka thelathini na nane. (Haya, arobaini na miwili. Usinitolee macho.)

Jumanne, 5 Agosti

Jirani yangu Husna, anayeuza viungo duka la pili, aliona yote jana. Leo kaja kunishauri. Nivue kilemba, nitoe mabega, ninawe uso, nimpigie mtu wa watu simu nimwambie ukweli. Tena kasema hayo huku anacheka.

Husna na mimi tulianza darasa la kwanza dawati moja. Yeye ana khanga mbili na chupa ya mafuta ya nazi, basi. Vijana wa bodaboda wanamwita "dada Husna, mambo". Mimi, ninayejitunza, wananiamkia. Kuna haki hapo? Anataka nitoke uso mtupu ili nionekane kituko. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaenda zangu saluni kwa Fadhila, karibu na stendi. Fadhila ni binti mdogo lakini anajua mambo. Tatizo aliliona mara moja: mvi. Dawa: piko. Akanipaka kichwa kizima, akasema tusubiri kidogo tu kisha anaosha.

Tukasubiri kidogo. Akafungua bomba. Bomba likakoroma, likatoa hewa, likanyamaza.

Same yetu! Upepo unao, vumbi unalo, maji yanakuja yakipenda. Ndoo kavu. Pipa kavu. Fadhila akakimbia huku na huko, mimi kichwa kinawaka moto. Hatimaye akarudi na birika kutoka kwa mama lishe, lakini maji yalikuwa yameshatiwa majani. Nimeoshwa nywele kwa chai ya rangi. Namshukuru Mungu haikuwa na sukari.

Nywele zimekuwa nyeusi kama kiatu cha askari. Paji la uso pia. Masikio pia. Fadhila anasema itatoka. Sikumuuliza lini, niliogopa jibu.

Jumatano, 6 Agosti

Haijatoka.

Fadhila ana wazo: tuvute macho ya watu yasitazame paji. Yaani nyusi. Akazinyoa zote, akachora nyingine kwa wanja, juu zaidi, nyembamba, zimepinda. Sasa natazama kila kitu kama mtu aliyeambiwa kafiwa. Na ili kuficha weusi wa paji, poda. Poda iliyokuwepo ni ya rangi nyeupe kidogo kuliko mimi. Nyeupe sana kuliko mimi.

Mzee mmoja muuza magazeti kanitazama kwa muda, kisha akanitia moyo kwamba ng'ombe hazeeki maini. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani nikalielewa neno lenyewe, nikalia, wanja likashuka hadi kidevuni.

Kesho Yudith anarudi kutoka Arusha. Lazima arudi.

Alhamisi, 7 Agosti

Ee Mungu wangu.

Mpango ulikuwa mzuri. Naomba hilo likumbukwe. Yudith amesafiri, basi lazima aonekane anatoka safari. Nikachukua sanduku la magurudumu, tupu, nikaenda nalo stendi kwa njia ya uchochoroni, ili nitokee huko na mabasi yanayoingia. Nilivaa gauni la dhahabu linalometameta nililolishona kwa ajili ya harusi yangu ile isiyokuwa. Wigi la Fadhila, jekundu, lina nywele za mbele zinazofika kwenye kope. Kope za kubandika. Fandesheni tabaka mbili, maana upepo ulilipeperusha vumbi, likaganda kwenye tabaka ya kwanza. Hereni nzito zinazovuta masikio. Viatu virefu ambavyo sijavizoea.

Nilikuwa kando ya barabara kuu, nangoja malori yapite, nikasikia pikipiki imesimama nyuma yangu. Ni yeye. Nikageuka taratibu, nikatabasamu, nyusi juu.

Akashuka haraka. Akalishika sanduku. Akasema kwa sauti kubwa, ile tunayowasemea wasiosikia vizuri: "Shikamoo bibi!"

Bibi.

Kisha akanishika mkono! Tangu kidato cha pili naota siku Tumainieli atanishika mkono. Leo kanishika. Ili nisianguke barabarani. Akanivusha pole pole, huku kawanyoshea kiganja wenye malori wangoje, na kweli wakangoja, kondakta mmoja akamsifu kwa kuheshimu wazee.

Ng'ambo ya pili akanikazia macho, akasema sura hii anaijua, ukoo huu damu yao ni kali, bila shaka mimi ni bibi yake Yudith nimekuja kumtembelea. Na mdomo huu! Mdomo huu ningekuwa nao uwezo ningeushona kwa uzi wa gunia. Ukasema: ndiyo, mjukuu wangu.

Akaulizia kama Yudith amefika. Nikasema basi limeharibikia Moshi, atafika Jumamosi. Akasikitika waziwazi. Alinisindikiza hadi mlangoni, akanisifu kwa kusafiri na mzigo mwepesi.

Nilikaa sakafuni na wigi langu hadi taa za barabarani zikawaka. Zamani alikuwa ananipisha foleni ya maji kwa sababu nilikuwa mzuri. Leo kanivusha barabara kwa sababu nimechakaa. Sikuijua siku niliyotoka huku nikaenda kule. Hakuna aliyeniambia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu sikukuu, mimi kitandani.

Nilichungulia dirishani mara moja tu, nikajuta. Tumainieli kasimama dukani kwa Husna, ananunua mdalasini. Mwanamume asiye na mke, mdalasini wa nini? Anacheka! Husna naye anacheka, khanga begani, uso unang'aa mafuta ya nazi. Na nilimsikia kwa masikio yangu haya meusi: "Habari za kazi, dada." Dada! Husna kanizidi miezi minne!

Jioni Husna akaniletea uji. Nikamwambia hongera kwa kuniibia. Akaliweka bakuli chini kwa kishindo. Akasema bwana huyo muda wote aliokaa pale alikuwa anauliza habari za Yudith. Ameolewa? Bado anaimba? Bado ni mkali? Akasema alibakiza kidogo tu amwambie ukweli, lakini hilo ni la kusema mwenye uso wake. Akaondoka.

Uji nimekunywa. Ulikuwa mzuri, na hilo limeniuma zaidi.

Leo nywele zimeanza kukatika. Zinabaki kwenye mto.

Jumamosi, 9 Agosti

Alfajiri bomba la uani likapiga chafya, likatapika kutu, kisha maji! Mtaa mzima vigelegele na ndoo.

Sikutoka kujipamba. Nilitoka kama nilivyo, khanga kifuani, nimekata tamaa ya dunia. Nikaingiza kichwa chote chini ya bomba. Nikasugua. Kope za kubandika zikaenda na maji. Wanja likaenda. Poda ikaenda, na weusi wa paji nao ukaanza kuondoka kwa kulazimishwa na dodoki. Nywele zilizokatika zilikuwa hovyo, nikachukua mkasi wangu wa kitambaa, nikazipunguza zote, fupi, kama tulivyokuwa tunanyoa shuleni. Nani anajali tena.

"Yudith!"

Nikainuka na mkasi mkononi, maji yananitiririka. Tumainieli yuko nje ya uzio, amebeba kisanduku cha chanjo, mdomo wazi.

"Yudi! Umefika! Hujabadilika hata kidogo!"

Ananijua! Ananiita Yudi! Tuliongea pale pale, yeye nje mimi ndani, ndoo zinafurika. Kasema tangu mkewe aondoke nyumba imekuwa kimya, na alipopata uhamisho wa Same kitu cha kwanza alichokiwaza ni mimi. Kasema anapenda mtu anayejiacha alivyo. Mimi nalia, yeye anadhani ni maji.

Kisha akauliza: mama hajambo? Na bibi? Msimwache bibi avuke barabara peke yake, malori hayana macho.

Nilikuwa na nafasi, shajara. Nakuapia. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Tumainieli, yule mama ni mimi, na yule bibi ni mimi. Angecheka. Nadhani angecheka. Lakini kama asingecheka? Nimempata muda mfupi tu kama huu, nimpoteze tena kwa mdomo wangu?

Nikasema bibi amerudi kwao, mama hajambo, anashinda kwenye kushona.

Vizuri sana, akasema. Basi Jumapili ijayo baada ya ibada atamleta baba yake mdogo kutoka Shighatini, waje rasmi waongee na mama.

Waongee na mama! Unajua maana yake hiyo! Naolewa! Halafu nikakumbuka ni mama yupi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza.

Kwanza, nimegundua kilichofanya kazi. Ni piko. Husna anasema eti ni maji na uso mtupu, lakini Husna hajui kemia. Dawa zote hizi huchukua siku kadhaa kuingia. Ilipofika Jumamosi ndipo ikakolea, ndiyo maana alinitambua. Nimemwagiza Fadhila aniletee piko nyingine, poda na kope mpya. Nyusi tutachora juu zaidi.

Pili, mama. Mama yangu wa kweli yupo Vudee, huko milimani, mzima wa afya, ana miaka sabini na miwili na bado analima maharage kwenye mteremko ambao mbuzi wanauogopa. Ashuke Jumapili, awapokee wageni. Tatizo ni moja tu. Kwa Tumainieli, mama ni yule aliyemwona Jumatatu. Mama ana kilemba, miwani ya mnyororo na mabega ya sponji.

Nikampigia simu. Nikamwomba kwa upole kwamba nitamtumia suti yangu ya ugoro, lipstiki ya zambarau na miwani, avae siku hiyo.

Akauliza kwa nini.

Nikamwambia ili afanane na mama yangu.

Akaniambia nirudie. Nikadhani ni mtandao, nikarudia. Kisha akahamia Chasu, Kipare chetu, na mama akihamia Chasu ujue hali si nzuri. Alipotulia akarudi kwenye Kiswahili ili nielewe vizuri. Suti hiyo anaijua, aliniona nayo Pasaka. Yeye hawezi kuivaa mbele ya wageni. Itamzeesha.

Nikasihi. Akakata simu.

Sabini na miwili, na bado hataki kujifunza kupendeza! Wazazi wengine bwana. Sasa nifanye nini, wageni wako njiani, suti iko hapa, imepigwa pasi, inanitosha.

Basi. Jumapili mama nitakuwa mimi. Wakimuulizia Yudith, nitasema amesafiri.