Seli Zangu Hazilali Njaa

Jumatatu, 4 Machi

Nafasi ya kwenda kwenye kongamano Dakar ni moja tu. Profesa Quarcoo katangaza leo: Ijumaa anakagua majaribio, mwenye matokeo safi ndiye atapanda ndege. Tuko wawili, mimi na Dzifa Agbeko. Maskini Dzifa.

Kazi yenyewe nyepesi. Ndani ya seli za pafu la binadamu kuna protini imejilalia nje ya kiini. Ikipata homoni inaamka, inaingia kiini, inaikalia jeni na kuiwasha. Jeni tumeifunga na taa ya mdudu kimulimuli. Sahani yenye homoni iwake, isiyo na homoni ibaki giza. Basi. Shati la Dakar nimeshapiga pasi. Mama nimeshampigia simu.

Jumanne, 5 Machi

Utaratibu unataka seli zishindie seramu, majimaji ya damu ya ndama, iliyochujwa kwa mkaa. Chakula chepesi kama maji ya kuoshea mchele. Nimezichungulia kwenye hadubini, zimenywea. Nikaona uchungu. Mama hakuwahi kunipeleka kwenye mtihani bila kenkey ya mahindi na samaki. Dzifa alipokwenda kununua waakye, wali wake wa maharage, nikazimiminia zangu seramu nzito, isiyochujwa. Mkaa ni wa kuchomea samaki!

Jumatano, 6 Machi

Sikukuu ya Uhuru. Wenzangu kwenye gwaride, mimi maabara. Nimeziongezea. Zimenenepa, zinapendeza.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetia homoni kwenye sahani moja. Dzifa kaiona chupa yangu. Kauliza, "Kaka Okantey, hiyo seramu mbona siyo iliyochujwa?" Nikamwambia ashughulike na seli zake zilizokonda. Kacheka. Kicheko cha mtu aliyeishiwa, nimekijua mara moja.

Ijumaa, 8 Machi

Sahani zangu zimewaka zote mbili.

Profesa kaniuliza ipi yenye homoni. Nikaonyesha inayong'aa zaidi. Akasoma alama chini ya sahani: siyo hiyo. Kavua miwani, akaniambia seramu isiyochujwa ina homoni zake tayari. Protini zimeingia kiini tangu Jumanne na jeni imewaka kabla sijatia chochote. "Umewasha taa nyumba nzima, Okantey, halafu unataka nijue swichi kabonyeza nani?"

Za Dzifa: moja giza, moja inawaka. Dakar ni yake. Nimejifungia stoo nikalia kidogo. Mama bado sijamwambia.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari kanisani. Kosa nimelielewa lote. Sasa naweza kulifundisha.

Jumatatu, 11 Machi

Dzifa kaondoka alfajiri. Kaniachia sahani zake mbili mpya hadi kesho kutwa, na karatasi: "Kaka, nakuomba. Usizilishe. Homoni nitatia mwenyewe." Profesa kaongeza kwamba zikifika salama, jina langu litaingia kwenye makala. Zisipofika, nitafute maabara nyingine. Nikamwapia. Nikasema hata mimi nilikuwa nataka kupendekeza zisilishwe.

Saa nane mchana nikazichungulia, kuhakikisha tu. Zimekonda mno. Mwenye nazo yuko Dakar anakula wali kwa samaki, nazo zinashindia maji ya mkaa. Kosa langu mara ile lilikuwa kuzidisha, na sasa kipimo nakijua. Nimetia matone matatu tu ya seramu nzito.

Nimezipa zote mbili sawasawa, Dzifa asije akasema nimependelea.