Barabara ya Karema kwenye Kioo cha Polycarpe

Jumatatu, 2 Septemba 1996
Foleni mpaka nje! Banda la gemu la Polycarpe limefurika, wiki ya tatu hii, na sababu ni mimi. Zamani lile gari la kwenye gemu lilikimbia kwenye barabara ya Japani, ghorofa kushoto, ghorofa kulia, hata kichaka cha kujisaidia hakuna. Nikachukua nailoni inayopitisha mwanga, nikachora kwa rangi ya mlango: stesheni yetu ya reli, ng'ombe wa Kakese, misheni ya Karema. Katikati ya barabara, shimo. Nikabandika kwenye kioo cha televisheni. Na sheria nikatunga mwenyewe: ukikanyaga shimo umekwama tope, weka pedi ya kuchezea chini, mwingine alipe hamsini aingie.

Gari la Mjapani halijui kama kuna shimo. Watu wanajua! Banda zima linapiga kelele: kakwama huyo, teremka usukume!

Mchezo wa robo saa sasa ni dakika tatu. Polycarpe anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Mimi sijapata hata soda.

Jumanne, 3 Septemba
Dorotea kaniuliza kwa upole. Upole wa mke wangu ndio unaonitisha. Baba Specioza, unashinda kwenye banda la watu, redio za wateja zimejaa chini ya kitanda hujazigusa, unaleta nini hapa nyumbani? Nikamwambia naleta maendeleo. Kasema maendeleo hayaivi sufuriani. Polycarpe awe amenilipa kufikia Jumapili, la sivyo naenda Ugalla kwa kaka yake Luhende, kwenye mizinga ya nyuki.

Mimi! Nyuki mmoja tu akinigusa, sikio linakuwa chapati.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimemkabili Polycarpe. Nilivaa koti la harusi. Nikamweleza kwamba gemu ni lake lakini utamu ni wangu. Akanipa kiti, akaniita mzee wangu, kisha akauliza: gari umetengeneza wewe? Hapana. Barabara? Hapana. Akasema Wajapani wenyewe waliotengeneza kila kitu hawajawahi kuja hapa kumdai, sasa nije mimi wa nyuma ya soko?

Wateja wakacheka. Nilikuwa na jibu zuri sana. Limenijia nilipofika nyumbani.

Ijumaa, 6 Septemba
Kaja Telesphor, mchora mabango. Kanikumbusha kuwa yule ng'ombe wa Kakese kamchora yeye, maana wangu alifanana na mbwa mwenye mawazo. Kasema nikilipwa nimkumbuke.

Tamaa ya watu jamani! Ng'ombe mmoja, na mwenyewe kasimama kando ya barabara! Nimemwambia ule ulikuwa msaada wa kirafiki. Kanitazama, kasema, Mzee Maduhu, mbona unaongea kama Polycarpe? Sikumwelewa.

Kesho saa tisa, banda likiwa limejaa, nabandua nailoni yangu mbele ya watu. Wakiiona barabara tupu ya Japani, watamgeukia Polycarpe. Atanipigia magoti!

Jumamosi, 7 Septemba
Nimekwisha.

Niliingia saa tisa kamili. Nikatangaza kuwa kazi ni yangu na naondoka nayo. Polycarpe jasho likamtoka, naapa nililiona. Nikavuta. Nailoni ikabanduka taratibu, safi kabisa, kama imetoka dukani sasa hivi.

Picha ikabaki kwenye kioo.

Joto la televisheni, wiki tatu, limeipika rangi ikahamia. Stesheni ipo. Misheni ipo. Shimo lipo. Ng'ombe wa Telesphor ananikodolea macho. Polycarpe akanishukuru kwa kuondoa ile nailoni, akasema ilikuwa inafifisha picha. Tamimu mwenye duka, ambaye ndiye alikuwa ameshika pedi, akaniomba nisogee kidogo, namkinga shimo.

Jumapili, 8 Septemba
Nimeteremsha masharti. Nimemwomba Polycarpe aandike jina langu tu pembeni ya kioo, nipate cha kumwonyesha Dorotea. Akakubali mara moja, mkono kifuani! Ila akasema kuandika ni kazi ya Telesphor, na gharama ni juu ya mwenye jina.

Telesphor kanitajia bei. Kajumlisha na ng'ombe.

Nimerudi nikakuta begi liko mlangoni. Mashati mawili na kipande cha sabuni. Specioza kamuuliza mama yake nitarudi lini. Mama yake kasema, muulize mwenyewe. Nikakohoa sana.

Jumatano, 11 Septemba. Ugalla
Jicho la kulia limeziba. Naandika kwa la kushoto. Mdomo nao si wangu tena, unaninginia kama wa mtu mwingine.

Lakini! Hapa watu wanne wanahangaika na kamba kupandisha mzinga mmoja mtini. Aibu. Nimemfungia shemeji Luhende kapi la rimu ya baiskeli. Sasa anavuta mwenyewe, mzinga unapaa. Majirani watatu wameshakuja kuliazima. Kila mmoja kamwachia Luhende kopo la asali. Shemeji kafurahi mno, kanipiga bega lililovimba.

Mapatano hatujafanya. Kosa langu kwa Polycarpe nimeliona: nilidai. Mtu ukimdai anakasirika. Luhende ni muungwana, ataona faida, atanifikiria mwenyewe bila kuambiwa.

Nakwenda kumfungia la pili.