Kuku Aliyebaki Ulimwengu wa Kwanza

Ninyi vijana wa gazeti la ukutani pale parokiani, someni mara moja tu, kisha mnyamaze. Leo nimeumbuka.

Mnajua nalea wajukuu tangu tulipowazika wazazi wao kibanjani, kwenye migomba yetu. Mwanangu aliyebaki, dereva wa lori, amewaletea kutoka Bukoba mchezo wa televisheni, unatumia betri ya gari. Kaseti mbili. Ya kwanza ni nchi moja: unatembea mpaka mtoni, ukisahau kitu unarudi. Hiyo naielewa. Ya pili ni malimwengu kumi, kila moja na mlango wake. Ukipita, umepita.

Jumapili nilisimama mbele ya jumuiya nikasema michezo hiyo ni upuuzi mtupu. (Nilisema, sikatai.) Na leo saa tisa jumuiya ilikuwa inakuja kwangu kusali na kuchagua mwenyekiti. Mwenyekiti nimekuwa mimi tangu vita viishe, na kiti changu nilikitaka.

Saa nane nilikuwa tayari, rozari shingoni. Nikamwambia mjukuu wangu Koku, "Hebu nione hicho kinachowafanya msichote maji." Akazima sauti, maana kelele sitaki, akanipa kile kidude cha kubonyeza.

Kuna kijitu kina jembe, na kuku anakifuata. Kuku mzuri huyo! Tukafika mlangoni, kijitu kikaingia, mlango ukajifunga. Kuku nje.

"Tunarudi kumchukua," nikasema.

"Kaaka, bibi yangu, hairudi. Ule ulimwengu umeisha."

"Umeishaje, na mimi nimetoka huko sasa hivi?"

Vita vilipotutoa ng'ambo ya Kagera niliacha kuku. Nilirudi kumtafuta. Nyumba haikuwepo, lakini njia ilikuwepo! Leo haka kasanduku kananiambia njia hakuna? Nikapiga magoti, nikakasogelea, nikabonyeza kila kitu.

"Nifungulie!" nikalia. "Nifungulie mlango nirudi!"

Nyuma yangu sauti nyingi zikaitikia, "Utuhurumie."

Mawe, mama yangu! Jumuiya ilikuwa imefika. Mgongo wangu (mnaujua ulivyo mpana) umeziba televisheni yote. Walichoona ni bibi kapiga magoti analia, nao wakapiga magoti barazani. Wawili walikuwa wanafuta machozi! Koku alishatoroka zamani.

Ma Adela, anayekitaka kiti changu miaka yote, akaja kuniinua. Akachungulia.

"Mwenyekiti, huyu mtakatifu mwenye jembe ni nani?"

"Nilikuwa namchunguza adui."

"Ndiyo unamlilia?"

Wakacheka mpaka wakashikilia ukuta. Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Ma Adela kapata mikono yote, hata wa Koku, aliyekuwa amesharudi na wala si mpiga kura. (Tutaonana.)

Baada ya sala mwenyekiti mpya hakuondoka. Akakaa chini, akaomba kidude, eti yeye atampitisha kuku. Akamwacha palepale nilipomwacha mimi!

Jioni nimetoa amri nyumbani: kaseti ya malimwengu irudi Bukoba, ya nchi moja ibaki. Na mlango wa banda usifungwe mpaka nimewahesabu kuku mwenyewe.