Kibao cha Kulalia

Jumatatu, 3 Februari
Ilham kaja likizo kutoka Dar. Alhamdulillahi! Kaja na habari pia. Wiki ijayo anapanda ndege, Afrika Kusini, yeye na wenzake wanaocheza na mawimbi ya bahari. Nikasema vizuri mwanangu, moyoni namwona keshazama.

Ubao wenyewe wa kupandia mawimbi sasa! Mfupi, unanifika kifuani. Kauchonga fundi Anselim wa Malinyi, kutoka kwenye mtumbwi wake uliopasuka. Pua imepinda juu, na kiraka cha bati cha mtumbwi bado kipo. Wenzake husimama juu ya mbao zao. Yeye hulala kifudifudi! Bibi alitukataza kulala kifudifudi hata kitandani. Huyu anakwenda kulala baharini!

Kasema bila radhi yangu haendi. Mtoto wa adabu. Kanitwisha mzigo.

Siwezi kumkatalia usoni. Nitatumia akili.

Jumanne, 4 Februari
Akili ya kwanza: ubao nimeufanya mlango wa banda la kuku. Mlango wa zamani nimeusukuma uvunguni. Nje ya nchi aende, majirani waone. Ila bila ubao atakaa ufukweni, apige picha, arudi. Nani kaumia?

Jogoo kakataa kuingia. Kapiga kelele mpaka Ilham akatoka. Kautazama mlango. Kanitazama mimi. Nikasema kuku nao wanapenda vitu vizuri.

Kaung'oa, kauosha, na bandani kapigilia kipande kingine cha mbao kuwa mlango. Afadhali angenisema.

Jumatano, 5 Februari
Agnella, jirani yangu. Binti yake Dativa alifika Nairobi mara moja, sisi tunasimuliwa mpaka leo. Asubuhi bombani nikajisahau, nikatamba kwamba Ilham anakwenda nje na kibao chake.

Jioni mtaa wetu wote wa Kibaoni unasema Ilham anakwenda kuwa hausigeli, na kibao cha mbuzi kabeba, cha kukunia nazi! Mudathiri wa dukani kanipa pole. Eti kazi ni kazi, mama Ilham.

Nikamfuata Agnella. Nikamwambia si cha kukunia, ni cha kulalia. Akauliza kwani huko hakuna vitanda.

Alhamisi, 6 Februari
Akili ya pili, hii ya uhakika. Nimemwambia Ilham radhi nitatoa, ubao ukinibeba mimi kwanza. Mimi! Mvunja viti vya plastiki kwenye shughuli za watu! Utazama, nitasikitika kidogo, yataisha. Na sitakuwa nimekataa.

Mtoni hapana, kuna mamba. Tutakwenda majaruba ya mpunga ya Katindiuka, maji yamejaa. William mwenye pawatila, kile kitrekta cha kulimia mpunga, atanivuta kwa kamba.

Agnella kasikia. Na yeye anakuja, eti kutafuta mchicha. Mchicha kwenye maji ya mpunga!

Ijumaa, 7 Februari
Nimelala kifudifudi mbele za watu. Bibi anisamehe huko aliko. Suruali ya Ilham, khanga juu, mikono kwenye pua ya ubao. Nikamwambia William polepole, nina goti bovu. Pawatila inanguruma, yeye kasikia twende.

Haukuzama! Maji kidevuni, tope mdomoni, vyura wanaruka huku na huku, mimi naita majina yote ya Mungu ninayoyajua. William akakata kona. Ubao ukapanda tuta, ukaruka, tukatua jaruba la watu.

Walidhani nalia. Nilikuwa nacheka. Sijacheka hivyo tangu baba Ilham alipokuwa hai.

Ilham kaja mbio, kanishika uso kwa mikono miwili. Kaniuliza nimeumia wapi. Mara tatu kaniuliza. Nikaona kumbe hofu yangu ina mwenzake. Nikamwekea mkono kichwani, na tope lake, nikampa radhi yote.

Agnella akasema kumbe ndicho kibao chenyewe. Akaomba ajaribu kidogo tu. Nikamjibu hicho ni cha watu wa safari za nje.

Jumapili, 9 Februari
Kaondoka. Ubao nimeushonea mfuko wa viroba vya salfeti kwa mkono wangu. Ndani nimetia kamba ya katani, ndefu. Maagizo: ncha moja kiunoni, nyingine kwenye mti wa ufukweni.

Basi. Tangu leo siingilii tena. Na vituko vya utoto nimeacha, mimi mtu mzima.

Jumatano, 12 Februari
Kapiga simu! Mawimbi kayalalia, mzima kabisa. Wenzake wanaugombea ubao, kila mtu anakishangaa kiraka. Kamba wameanikia nguo. Sawa tu.

Akauliza goti. Nikasema nimetulia zangu mkekani.

Sikumwambia kwamba jana Agnella kavutwa jarubani juu ya mlango wa kabati la Dativa. Na anatangaza bombani kwamba kaenda mbali kuliko mimi. Muongo!

Nimeutoa ule mlango wa zamani wa banda uvunguni, nimeufuta vumbi. Mpana. Bawaba zake unazishika vizuri. Hauna pua, lakini William anasema pawatila haijali pua. Anakuja saa kumi.

Na ule wa sasa wa banda nauchukua pia, wa akiba. Kuku watalala jikoni.