Bomba la Upepo Kwenye Buti

Jumamosi, 27 Novemba

Kuanzia Jumatano, gari lisilo na tairi za theluji hapa Quebec linavunja sheria, na mimi ni karani wa ofisi ya wakili. Haiwezekani! Isitoshe, kipindi changu cha majaribio kinakwisha Jumatano hiyohiyo. Maître Bellavance, bosi wangu (Maître ndivyo wakili huitwa hapa), ndiye atakayeamua nibaki au nifunge virago.

Gereji zote za Rimouski zimejaa hadi tarehe sita Januari. Nikaamua kubadilisha tairi mwenyewe uani, kama watu wazima wa mtaa huu. Kazi ilichukua saa tatu na nusu. Jirani yangu Ghislain, fundi mstaafu wa magari ya kusafisha theluji, alikaa ndani ya hema lake la kuegeshea gari na kikombe cha kahawa, akitazama kana kwamba amelipa kiingilio. Akaniuliza hiyo jeki naiinua au naibembeleza.

Nimemaliza. Nikawasha gari. Taa ya njano! Mlio! Vihisi vya upepo, vinavyoliambia gari kama tairi zimejaa, vimebaki ndani ya tairi za kiangazi. Hizi za theluji, nilizonunua mtandaoni pamoja na rimu zake, hazina. Gari halioni upepo popote, basi linaogopa kuliko mimi. Ghislain anasema nusu ya mkoa huendesha na taa hiyo hadi Aprili, nisiijali. Nisiijali! Maître hupima pambizo za barua kwa rula.

Jumapili, 28 Novemba

Nimebandika plasta nyeusi juu ya taa. Mlio uko palepale. Mara tatu kila nikiwasha, kama kifaranga aliyekanyagwa.

Mtandaoni kuna mtu wa Alberta aliyetoa vihisi vyake vinne, akavifungia ndani ya bomba la plastiki, akalijaza upepo, akaliweka kwenye buti. Gari linasoma bomba, linaona tairi nne zenye afya. Nimesoma maelezo yake mara sita. Hakuna kasoro!

Kasoro: kuvitoa. Kuvua tairi kwenye rimu bila mashine ni kupigana mieleka na ng'ombe aliyelala. Nikairukia. Nikairukia tena nikiwa na gunia la chumvi mgongoni. Ghislain akapaza sauti kutoka hemani: "Mheshimiwa karani! Harusi ya nani hiyo?"

Kufikia saa kumi vihisi vinne viko mkononi. Tairi za kiangazi zimechanika kingo. Hilo ni tatizo la Aprili.

Jumatatu, 29 Novemba

Bomba, vihisi vikiwa ndani, nililiunga jana kwa gundi ya mafundi. Asubuhi nikalijaza: paundi thelathini na tatu kamili. Taa imezima! Nilikaa garini dakika nzima nikiitazama isivyowaka.

Ofisini Maître akatangaza kwamba amegonga kulungu na gari lake liko kwa mnyoosha bodi. Keshokutwa kuna mteja Matane, mzee wa miaka tisini na mmoja, anayetaka kusaini wosia kabla wanawe hawajafika saa saba mchana. Tutaenda na gari langu. Akaniuliza kama liko tayari kwa baridi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kuna taa yoyote inayowaka. Nikasema hakuna taa inayowaka, Maître. Kweli tupu! Hata kizimbani ningeapa.

Jumanne, 30 Novemba

Nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Taa imerudi! Baridi imeupunguza upepo wa bomba. Nimeongeza upepo, nimelizungushia blanketi na kulipakatisha chupa ya maji ya moto. Taa ikazima.

Ghislain akachungulia kwenye buti, akauliza mtoto ana umri gani. Kisha akaipiga teke tairi ya nyuma kulia, akasema imelegea, niipime. Nikamwonyesha dashibodi: safi kabisa. Akaitazama dashibodi, akanitazama mimi, akarudi kwenye kahawa yake.

Wivu.

Jumatano, 1 Desemba

Tuliondoka saa nne asubuhi. Maître kiti cha mbele, mkoba wa wosia magotini. Tulipopita Sainte-Flavie gari likaanza kuvuta kulia. Kisha pwata, pwata, pwata. Maître akasema anasikia sauti nyuma. Nikasema taa haijawaka. Akasema gari limeinama. Nikasema taa haijawaka, Maître. Ikaja harufu ya mpira unaoungua. Hapo nikasimama kando ya barabara.

Tairi ya nyuma kulia ilikuwa imelala kama soksi iliyovuliwa. Spea iko chini ya sakafu ya buti. Ilibidi nitoe bomba kwanza, na kwa kuwa mikono haikutosha, nikamwomba Maître alishike. Akalishika. Bado lilikuwa na joto.

Akauliza ni nini.

Nikamweleza yote, pale barabarani, upepo wa mtoni ukitukata masikio. Akaligeuza bomba mikononi. Kisha akasema polepole, kama anavyowasomea watu wosia: "Yaani umelidanganya gari, gari likakudanganya wewe, na wewe ukanidanganya mimi."

Spea nayo haikuwa na upepo. Haina kihisi, nani angejua?

Nikampigia Ghislain. Alifika baada ya dakika arobaini. Hakunitania hata neno moja. Niliogopa sana. Akampakia Maître, wakaondoka kwenda Matane. Nilibaki kando ya barabara na bomba langu hadi waliporudi.

Alhamisi, 2 Desemba

Mzee alisaini saa saba kasoro dakika nane! Kwa sababu hiyo tu sijafukuzwa. Majaribio yameongezwa hadi Machi. Sharti moja: mpaka vihisi vipya vifungwe tarehe sita Januari, kila asubuhi nipime tairi zote nne kwa mkono, niandike kwenye daftari tarehe, namba na sahihi. Kila Ijumaa daftari liwe mezani kwake. Nikidanganya tena, akasema, nisisumbuke kuvua koti.

Ghislain amenipa kipimo chake cha zamani. "Dakika tatu tu, mdogo wangu," akasema. "Hata wewe utaweza."

Ijumaa, 3 Desemba

Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Nilipima tairi moja. Vidole vikafa ganzi. Nikarudi jikoni, nikanywa kahawa, nikatafakari kwa utulivu.

Daftari linahitaji namba tu. Nikaandika za leo. Kalamu ilikuwa imeshapata moto, nikaandika na za kesho. Kisha nikaendelea hadi tarehe sita Januari. Nimetumia kalamu tatu tofauti. Siku za baridi kali nimeshusha upepo kidogo, siku za jua nimeupandisha. Kurasa nyingine nimezinyunyizia maji, zionekane zimetoka nje. Tarehe ishirini na tano nimeandika: "Krismasi. Nimepima hata hivyo." Hilo litamgusa.

Saa mbili na nusu, kabla hajafika ofisini, nimeliweka mezani kwake. Daftari zima, limekamilika hadi ukurasa wa mwisho.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, sina wasiwasi wowote.