Kiboko Aliyevaa Kitenge

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Kamati ya Jubilei ya parokia inatafuta picha ya Malaika Rafaeli na samaki wake, ichapwe kwenye vitenge vya kwaya. Jina la mchoraji litakuwa kwenye pindo. Litakuwa langu, Hyasinti. Methodi, mchora mabango, ana brashi tu. Mimi nina kompyuta inayochora ukiiambia, niliyouziwa na karani wa mgodi wa makaa ya mawe kule Ngaka. Nimeiunganisha na Wi-Fi ya nyumbani ili niiagize kwa simu nikiwa barazani. Maelekezo yanaonya isiachwe wazi kwa kila anayeingia kwenye mtandao. Maneno ya waoga. Wi-Fi nimeiita TumsifuYesuKristu. Neno la siri: MileleAmina. Methodi hawezi kulijua hata afunge siku arobaini.

Jumatano, 10 Septemba
Kompyuta imechora nisivyoagiza: mbuzi aliyefunga tai shingoni, bibi harusi juu ya lori. Kuna mwizi. Ni Methodi tu! Rafaeli wangu naye katoka na vidole saba, kashika papa. Papa, Ziwa Nyasa! Rafaeli wa tisa ndiye kashika mbasa, samaki wa ziwa letu. Mzuri mno. Nimemficha kwenye flashi.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimetega. Nimechora kiboko mwenye sura ya Mama Benadetha, mwenyekiti wa kamati na jirani yangu, kavaa kitenge. Faili nimeliita RAFAELI MZURI KABISA. Methodi ataliiba, atalipeleka kwenye kamati, atakwisha. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, lakini huu wangu unachagua.

Jumamosi, 13 Septemba
Kikao. Mama Benadetha kafungua simu yake, kasema tangu Jumanne anaingia kutazama kazi yangu inaendaje, na jana kakuta iliyo nzuri kabisa. Simu ikazungushwa. Paroko kakohoa muda mrefu. Nikauliza aliingiaje. Akajibu kwamba simu ilimsalimu, naye akaitikia kama Mkristo yeyote. Wanakwaya, wanaofanyia mazoezi uani kwake, wakakiri hivyo hivyo. Yule mbuzi waliagiza wa sauti ya pili.

Methodi ana simu ya kitochi isiyo na intaneti, iliyofungwa kwa raba. Hajawahi kuingia popote. Kazi kapewa yeye. Mbasa wake ana magamba yote, unaweza kumpeleka sokoni. Wangu kabaki mfukoni, hakuna aliyemuulizia. Imeniuma.

Jumapili, 14 Septemba
Sikati tamaa. Picha ya mialiko ya Jubilei bado haijapata mtu. Kosa langu nimeliona: nilitumia mambo ya dini mbele ya watu wa dini. Nimebadilisha kila kitu. Wi-Fi sasa inaitwa Shikamoo. Neno la siri: marahaba. Herufi nane kamili, kama inavyotakiwa. Wa kulibuni hajazaliwa.

Jioni Mama Benadetha kapita mbele ya baraza. Nimemwamkia kwa adabu zote. Kaitikia bila kuniangalia. Alikuwa anaangalia simu.