Kochi Moja la Mtaa Mzima

Kwa Daktari wa Uchumi,
Mtafiti wa Umaskini na Ukuaji Jumuishi.

Shikamoo Daktari. Mimi ni yule msichana wa darasa la saba aliyekubebea begi ulipokuja kuhesabu mali za kaya za mtaa wetu. Natumaini miguu imepona, maana viatu vyako havikuzoea matope yetu. Sisi hatujambo, isipokuwa jambo moja: umetutajirisha bila kutuambia.

Mwalimu mkuu alitusomea utafiti wako asubuhi tukiwa mstarini. Umeandika kwamba mtaa wetu ni mfano wa ukuaji jumuishi, kwa kuwa kila kaya, bila kuachwa hata moja, ina kochi, chupa ya chai na jogoo. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Ndipo mwalimu akakunja karatasi, akasema ufadhili wa sekondari ni wa wasichana wa kaya maskini, na kaya maskini hapa kwetu zimekwisha. Aliyekuwa wa kwanza kupendekezwa ni mimi. Kwa heshima zote, naomba kulalamika.

1. Kuhusu kochi. Ni moja, Daktari. Ni la jirani yetu tunayemwita Mama Kochi, na jina hilo lingekutosha kama ungeuliza limetoka wapi. Kwetu mgeni hakalishwi kwenye ndoo. Kwa hiyo kila ulipomaliza nyumba moja, Bibi yangu alikuzuia mlangoni kwa salamu: habari za watoto, za kazi, za wakwe, za mvua ya huko utokako. Wakati huo mafundi ujenzi wawili walikuwa wanalipitisha kochi uani, chupa ya chai ikifuata nyuma. Nyumba ya pili ulikaa ukasema, "Ajabu, kochi lina joto!" Lilikuwa joto lako mwenyewe, la nyumba ya kwanza. Nyumba ya tatu kalamu yako ilizama kwenye mikunjo yake, nyumba ya tano ukaiokota kwa furaha, "Kumbe hata huku mnatumia kalamu kama yangu!" Ukaandika na hilo. Mama hakusema uongo ulipomuuliza kochi ni la nani. Alisema, "Letu sote, baba, wewe kaa tu."

2. Kuhusu jogoo. Naye ni mmoja. Kutokana na takwimu zako, bwana mifugo alikuja na chanjo ya kutosha majogoo wa mtaa mzima. Tuliona haya kumrudisha na dawa zake, tukampitishia jogoo yuleyule nyumba hadi nyumba. Sasa anawika saa saba mchana, na akiona mtu mwenye begi anapanda juu ya paa.

3. Kuhusu wizi. Tumefundishwa kwamba utafiti ukifanywa vizuri haukosei. Basi makochi yote yapo. Lakini hatuyaoni, basi yameibiwa. Fundi redio, ambaye anapenda kesi kuliko chakula, anauliza ni nani aliyeonekana na kila kochi mara ya mwisho. Jibu linakuangukia wewe, Daktari, tena ukiwa umelikalia. Mimi nimekutetea.

4. Kuhusu ombi langu. Chagua mwenyewe: ama utuletee makochi yaliyobaki, ama uturudishie umaskini wetu kwa barua yenye muhuri, kabla shule hazijafunguliwa. Mama Kochi anataka makochi, mgongo wa kochi lake umechoka. Bibi anasema kochi halijui kusoma. Mimi naomba umaskini kwa miaka ya sekondari tu. Nikimaliza, tutaagana nao kwa amani. Nataka kusomea kazi yako. Nikiingia nyumba ya mtu, swali langu la kwanza litakuwa: hiki kililala wapi jana?

Njoo tena uhakiki. Mtaa mzima tumeapa kwamba safari hii hatutaazimana hata kijiko. Utatukuta tulivyo, na utakalia ndoo.

Wasalimie wachumi wenzako, dereva wako aliyelala garini, na wote waliokusaidia kujumlisha. Mama, Bibi, Mama Kochi, fundi redio na mafundi ujenzi wanakusalimu sana. Jogoo anakusalimu kwa mbali.

Mimi mwenye kutumaini,
Mwanafunzi wa darasa la saba,
binti wa mshonaji, nyumba ya mwisho kulia.

Nyongeza: Nimemsomea Mama barua hii. Alicheka mpaka akajichoma sindano, kisha akashtuka: "Ndoo? Mgeni wangu mimi akalie ndoo? We mtoto, unataka watu watuoneje?" Kwa hiyo tafadhali tutumie habari siku moja kabla hujaja, ili kochi liwahi. Kalamu yako uliisahau tena humo ndani. Usihangaike kuitafuta, utaikuta nyumba yoyote utakayoingia.